Kivuli Kwenye Maji ya Bunda

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali ambalo mtu mwingine angelijibu huku anakoroga chai: Nyamumwi apande, au abaki?

Nyamumwi ni mtoto wa darasa la nne, na ndiye mwepesi kuliko watoto wote ninaowafundisha kuogelea Jumamosi pale Makoko, ziwani. Kwa kasi peke yake hana mpinzani. Lakini ana tabia moja. Akiwa katikati ya maji, mwenzake akipaliwa nyuma yake, anasimama. Awe anaongoza, awe amebakiza kidogo tu kufika, anageuka kwanza kutazama, na mpaka aridhike kwamba mwenzake yuko salama, wale aliokuwa amewaacha wameshampita. "Huyu hana roho ya mashindano, dada," mzazi mmoja aliniambia akitikisa kichwa. "Huyu ana roho ya nesi."

Kupanda maana yake ni kuingia kundi la wakubwa, na kundi la wakubwa ndilo linalokwenda kushindana Bunda, kwenye bwawa la hoteli. Nikimpandisha, akaenda kusimama katikati ya mbio mbele za watu akachekwa, huenda asiingie tena majini. Nisipompandisha, huenda nimemfundisha kwamba wema wake ni ugonjwa. Au labda si wema, labda ni woga tu uliovaa nguo za wema, maana mtoto naye anajua kutafuta sababu ya kusimama. Mnaona ninavyofikiria. Nimesoma takwimu chuo kikuu, nikarudi nyumbani Musoma kusubiri ajira, na kusubiri ajira kunampa mtu muda mwingi wa kugeuza jambo moja kama chapati. Kocha Manyama, aliyetufundisha kuogelea sisi wote, alipofariki, wazazi waliniomba nishike nafasi yake "kwa muda". Tangu hapo kila Jumamosi mama yake Nyamumwi ananitazama kwa macho ya kuuliza, na kila Jumamosi nasema bado.

Mwishowe nikaenda Bunda kulitazama lile bwawa, nikidhani nikiliona nitapata jibu. Sikulifikia. Nilipoingia tu uani ilinijia harufu ya dawa ya maji, kali kidogo, kama ya shuka za hospitali zilizotoka kufuliwa. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Mhudumu akaja kuuliza ninakunywa nini, nikamwambia alete soda yoyote. Nilikuwa simwoni vizuri. Nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa darasa la tatu, nimesimama peku kwenye vigae vya moto, natetemeka juani.

Mliokulia Makoko wakati wangu mnakumbuka ufukwe ulivyokuwa. Mawe makubwa ya kuteleza, dagaa wameanikwa kila mahali, kina mama wanasugua masufuria kwa mchanga na kusemana. Maji ya pale ni ya kijani, mazito, kama yaliyochemshiwa mlenda. Ukizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, vidole vyako huvioni. Sisi tuliona hivyo ndivyo maji yalivyo. Maji yanayoonekana ndani yalikuwa yale ya kwenye glasi.

Kocha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, suruali kaikunja magotini, mwenye mtumbwi wa kuazima na madumu matatu ya njano. Kila dumu lilifungwa kamba ya nailoni na jiwe, likaelea mahali pake. La kwanza lilikuwa karibu, ukiwa pale unasikia kina mama wanamsema nani. La pili ulisikia vicheko bila maneno. La tatu lilikuwa kule ambako ufukwe wote unakuwa mvumo tu. Hayo ndiyo yalikuwa madarasa yetu, na heshima yake ilifika mpaka shuleni. Mtu wa dumu la kwanza hakuthubutu kumtania mtu wa dumu la tatu.

Namna ya kupanda ilikuwa hivi. Kocha alikupeleka mpaka kwenye dumu, akakukataza kulishika, akakaa mtumbwini amekunja mikono, akasema, "Haya, nipe habari za kwenu." Wewe uko majini, miguu inapiga chini kwa chini usizame, na hapo hapo unatakiwa uongee. Ukimaliza anatazama pembeni kidogo, halafu anasema "Panda" au "Bado". Hakuelezaga sababu.

Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba alikuwa anasikiliza pumzi. Mtoto anayehangaika majini maneno yake yanakatika, na mtoto aliyetulia anaweza kukusimulia mpaka jua lizame. Lakini wakati ule mimi nilikuwa na hakika kabisa kwamba Kocha anapenda umbea. Ushahidi wote ulielekea huko. Waliotoa habari kavu, "Kwetu wazima, baba hajambo," walirudishwa. Waliosimulia mambo marefu walipanda. Basi nikaanza kukusanya habari. Nilijifanya nimelala kwenye mkeka wageni wakija. Nilimsindikiza bibi kwenye kila msiba na kila ugomvi. Wenzangu wiki nzima walifanya mazoezi ya miguu, mimi nilifanya mazoezi ya masikio.

Siku nilipopimwa kutoka dumu la pili, Kocha alikuwa ameshanibatiza jina.

"Haya, Mama Habari. Za kwenu?"

"Kocha, baba alimwambia mchungaji anaumwa malaria, hawezi kwenda mazoezi ya kwaya."

"Ehe."

"Kumbe alikuwa kwa Baba Pendo anaangalia mpira. Sasa mchungaji si akaja kumwombea!"

"Weee. Akamkuta nani?"

"Akamkuta bibi. Bibi akasema mgonjwa kalala, asiamshwe. Mchungaji akasema basi nitamsubiri aamke. Akakaa. Akala ugali na sangara. Baba huyo, anaingia anaimba."

"Anaimba wimbo gani?"

"Hata si wimbo, Kocha. Anaimba matokeo."

Kocha alicheka mpaka mtumbwi ukayumba akashika ukingo kwa mikono miwili. "Panda," alisema akifuta macho. "Panda dumu la tatu kabla hujaniua." Kwa muda mrefu baada ya hapo kila alipokutana na baba sokoni alimuuliza kama ile malaria imepona, na baba hakujua nani kasema.

Aliyetushinda wote alikuwa Majura, mtoto wa shangazi yangu, aliyekuwa anamaliza la saba. Majura alikata maji bila kelele, kama kisu kinavyopita kwenye papai lililoiva. Kitu kimoja kilinisumbua: yeye alipopimwa alisema maneno machache tu, habari za nyavu, habari za upepo, na alipanda kila mara. Nikaona jibu ni moja. Lazima anamnong'oneza Kocha siri kubwa kuliko zangu.

Kulikuwa na sheria moja, na tuliisema kwa sauti kila Jumamosi kabla ya kuingia majini, kama sala. Ukiona cheusi kinatembea chini yako, usiulize jina lake. Mshike aliye mdogo kuliko wewe, mtoke. Haikuwa sheria ya kutishia watoto. Mamba alikuwa ameshachukua mbuzi kwenye mawe yale yale, na kulikuwa na mama mmoja mtaani ambaye hakupita tena njia ya ziwani, na sisi watoto tulijua kwa nini bila kuambiwa.

Ikatangazwa safari ya Bunda. Watakuwepo watoto wa Musoma, wa Bunda na wa Butiama, na mkuu wa shule moja ya bweni atakuja kutazama. Atakayeshinda mbio ndefu atapewa nafasi ya kusoma pale na kuogelea kwenye timu ya shule. Kwa wengine ilikuwa habari ya kusisimua. Kwa Majura ilikuwa maisha. Mume wa shangazi alikuwa ameshasema kwamba mtoto akimaliza la saba anaingia ziwani kuvua, na shangazi naye alikuwa ameshaanza kumwita "mwanafunzi wa bweni" mbele ya majirani ili neno hilo lizoeleke masikioni mwa baba mtu. Kocha alichagua wote wa dumu la tatu. Mdogo kuliko wote nilikuwa mimi.

Tulikwenda na gari la kanisa. Pale njia panda ya Butiama wakapanda watoto wa huko, waliojifunza kuogelea kwenye lambo la kunyweshea mifugo, na gari halikukaa kimya tena.

"Nyie wa lambo, mnaogeleaga na ng'ombe?"

"Ng'ombe hang'ati. Nyie si mnaogeleaga na mamba?"

"Mamba wa kwetu anatujua."

"Anawajua kwa ladha!"

Hata Kocha alicheka. Majura peke yake alikuwa ametulia dirishani, midomo ikitembea. Nilidhani anasali. Aliponigeukia akaniuliza, "Bweni wanakulaga saa ngapi?"

Tukafika. Tukavua viatu. Harufu ya ile dawa ilikuwa mpya puani kwetu, na mmoja wetu akasema kwa sauti ya chini kwamba labda kuna mgonjwa. Halafu tukakunja kona ya jengo, tukaliona bwawa, tukasimama wote kama tuliogongana na ukuta.

"Mbona hawajajaza maji?" aliuliza msichana mmoja wa Butiama.

Alikuwa hatanii. Tuliona shimo kubwa la mraba lenye vigae vya buluu, safi, tupu. Mvulana mmoja wa Bunda, miwani ya kuogelea ikiwa kwenye paji la uso, akaangua kicheko na kurusha jani. Jani likakaa hewani. Likazunguka taratibu juu ya kitu ambacho hatukukiona, na ndipo tukaelewa kwamba maji yapo. Nilichungulia nikahisi niko juu ya paa la ghorofa. Miaka yangu yote majini sikuwahi kujua kwamba chini kuna umbali.

Nilimtazama Kocha usoni. Alikuwa amesimama ukingoni, mikono nyuma, anameza mate. Nikatulia. Nilijua anapanga mbinu.

Mbio ndefu ziliwekwa za mchanganyiko, wavulana kwa wasichana, kila mtu kwenye njia yake na kamba katikati. Jua lilikuwa limepita utosini kidogo. Majura njia ya pembeni yangu. Filimbi ikalia, tukaruka, na maji yale yakaniuma macho mara moja. Wa Bunda walikuwa na miwani. Sisi tulikuwa na macho tuliyozaliwa nayo. Kila kitu kilikuwa ukungu wa buluu, lakini nilimwona Majura akiniacha, akiwaacha wote, miguu yake ikienda mbali kama ya mtu aliyeitwa nyumbani. Nikafurahi. Nakumbuka furaha hiyo vizuri kwa sababu ilikatika ghafla.

Chini yangu kulikuwa na kitu. Cheusi, kirefu, chenye mikono au miguu, sikujua, kinatambaa sakafuni mwa bwawa. Nikienda, kinakwenda. Nikipunguza, kinapunguza. Mwili wote uliganda. Nilitaka kupiga kelele nikanywa maji.

Hapo mkono ukanishika juu ya kiwiko. Majura. Alikuwa mbele kabisa, amebakiza kidogo kugusa ukuta, na alikuwa amegeuka, amepita chini ya kamba, amenirudia. "Toka! Toka! Kuna mamba!" Alinivuta hadi ukingoni, akaniinua kwa bega lake, akanitupa juu ya vigae kama gunia. Nilidhani atanifuata. Akageuka tena kumfuata yule msichana wa Butiama.

Na wenzetu wa Makoko waliokuwa wakisubiri zamu juu, waliposikia lile neno, walifanya kama walivyofundishwa. Hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alichagua aliye mdogo kuliko yeye. Mmoja alimtoa majini mtoto wa Bunda kwa kumshika kaptula, mtoto analia, kaptula inavuka. Watazamaji walisimama. Mama mmoja alipiga yowe. Mzee mmoja mwenye suti alipanda juu ya meza na chupa yake ya soda mkononi, akakaa huko amechuchumaa.

Kisha bwawa likawa tupu. Maji yakatulia.

"Yuko wapi?" aliuliza mwamuzi, mtu mnene mwenye kofia pana ya jua.

"Chini pale," alisema Majura akitweta, amewatandaza watoto nyuma yake kwa mikono. "Msisogee. Chini pale."

Tulitazama wote. Hapakuwa na kitu. Vigae vya buluu, mwanga unacheza. Mwamuzi akatembea ukingoni kwenda kutazama kwa karibu, na alipokwenda, kitu cheusi kikatokea sakafuni kikaenda pamoja naye. Kilikuwa na kichwa kipana cha mviringo. Aliposimama kikasimama. Alipoinua mkono kukuna shingo, nacho kikainua mkono.

Nilikuwa namtazama Majura. Nimeshaona watu wakipewa habari mbaya tangu siku ile, lakini sijaona tena uso ukielewa namna ile. Haikuwa aibu mara moja. Kwanza ulikuwa mshangao mtupu, kama wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta nyumba haipo. Aibu ilikuja na vicheko. Vilianzia kwa yule mzee juu ya meza, vikazunguka bwawa lote, vikarudi.

Mwamuzi alimwambia Kocha, mbele yetu, bila ukali, "Hawa umewaleta mapema, mwalimu. Hawajawa tayari."

Nikasubiri Kocha ajibu. Alitoa funguo na simu mfukoni, akanikabidhi mimi, akaingia majini na suruali yake na shati lake. Akaogelea hadi katikati. Tukamwona anatazama chini. Halafu tukamwona anashtuka mwili mzima, kama aliyeguswa na umeme, anapiga maji, anarudi ukingoni kwa kasi ambayo hajawahi kutuonyesha. Alishika kigae. Alitaka kusema, ikashindikana. Mtu aliyepima pumzi zetu sote alikuwa hana pumzi ya kusema neno moja.

"Aisee," alisema mwishowe. "Hata mimi ningetoka."

Vicheko vikaanza upya. Mimi sikucheka. Mpaka siku ile niliamini kwamba mtu mzima akisema "Panda" au "Bado" kuna mahali ameliona jibu, na kwamba sisi watoto tumefichiwa tu. Kumbe hakuwahi kuyaona maji yale. Alikuwa ametupima kwa yote aliyoyajua, kwa uangalifu wote, halafu akatuleta mahali asipopajua. Lile lilinitisha kuliko cheusi chochote.

Mbio zilirudiwa bila Majura, kwa kuwa alikuwa ameivuka kamba na kuingia njia ya mwenzake. Akashinda mvulana wa Bunda mwenye miwani, na nafasi ya bweni ikawa yake. Njiani kurudi hakuna aliyetania. Watoto wa Butiama waliposhuka njia panda, yule msichana alisimama karibu na dirisha la Majura, akapunga mkono.

Shuleni walimwita Majura "Mamba" mpaka likawa jina lake. Shangazi alikwenda kwa Kocha, nikiwa nyuma yake nimebeba ndoo, akamwambia, "Mwalimu, umemharakisha mwanangu." Mtu mzima mwingine angejitetea. Kocha alisema, "Kweli, mama," akainamisha kichwa, na shangazi aliyekuja na maneno mengi akaniambia twende.

Jumamosi iliyofuata Majura hakuja. Kocha alitukusanya kwenye mawe.

"Majura amepanda," alisema.

Tukatazamana. Kupanda wapi, na dumu la nne halipo?

"Amepanda mtumbwini. Akija atakaa na mimi, tutawapima nyie wote pamoja."

Ulikuwa kama mgomo. "Kocha, lakini ndiye katuaibisha!" "Kocha, aliogopa kivuli!"

"Aliogopa sana," alisema Kocha. "Nilimwona. Ingieni majini."

Nilikwenda nyumbani nimevurugika. Aliyeshindwa anapandishwaje? Baada ya siku chache nilimwona shangazi akiingia kwa Kocha na sangara mzima kwenye beseni, nikapata maelezo niliyoyahitaji: kapewa samaki. Nilitembea na maelezo hayo miaka, nikiyaamini, na nilipokua nikayaacha bila kuweka kingine mahali pake. Majura alirudi baada ya muda. Alikaa mtumbwini na alisema "Bado" mara nyingi kuliko Kocha. Hakuingia kuvua, alisoma sekondari ya kutwa, akajifunza udereva, sasa anaendesha gari la mgodini Buhemba.

Soda yangu ilikuwa imeshapata joto la jua kabla sijaionja. Pale hotelini, kiti kile kile, nikampigia simu.

"Mama Habari! Leo umekumbuka ndugu?"

"Niko Bunda. Kwenye lile bwawa."

Nikasikia mashine ikinguruma upande wake. Kisha akauliza kwa upole, "Mamba yupo?"

Nilicheka mpaka mhudumu akageuka, na kucheka kukaja na machozi. Nilipotulia nikamuuliza nililotaka kuuliza muda wote. "Majura, siku ile ulikuwa tayari?"

"Wewe nawe! Bado unafikiriaga hayo?"

Nikamweleza kuhusu Nyamumwi, jinsi anavyogeuka mwenzake akikohoa, jinsi nisivyojua kama ni wema au woga, na kwamba kama ningepata kipimo kizuri zaidi ningeweza…

"Mimi sijui, bwana," alinikatiza. "Na Kocha naye hakujuaga, si ulimwona mwenyewe? Labda ningeshinda. Labda ningenyweshwa maji nikatolewa na yule mnene. Ila nikwambie. Kuchekwa kulipita. Mwaka mmoja, miwili, basi, sasa hivi hata mimi nalisimuliaga hapa kazini watu wanavunjika mbavu. Lakini angewachukua nyie wote akaniacha mimi Makoko, eti bado, nadhani mpaka leo ningekuwa nauliza kwa nini. Haya, naitwa. Msalimie bibi."

Akakata. Sikupata kipimo. Nikasogea hadi kwenye kona ya jengo, nikawatazama watoto wawili wa wageni wakirukaruka upande wa maji mafupi, na nikashtuka mara ya pili kwa jambo lile lile. Muda wote huu nilikuwa nasubiri mtu anayejua aje aniambie, na mtu mwenyewe aliyekuwa anasubiriwa na watoto pale Makoko ni mimi, na sijui. Ningeweza kusubiri kujua mpaka Nyamumwi aote mvi. Kosa la Kocha, kama lilikuwa kosa, halikuwa kumpandisha Majura. Alichokosa ni nafasi ya kumwonyesha yale maji siku nyingine kabla, pasipo filimbi na watazamaji. Na hilo mimi ninaliweza.

Nikaenda kwa meneja wa hoteli. Nilimweleza vibaya, nikirukaruka kutoka sentensi moja kwenda nyingine, mpaka akadhani nataka ukumbi wa harusi. Alipoelewa akasema Ijumaa asubuhi bwawa huwa halina watu, tuje. Nikawatumia waandaaji wa mashindano ujumbe wenye jina la Nyamumwi hapo hapo nikiwa nimesimama mbele yake, kwa sababu najijua, ningefika Makoko ningeanza kufikiria tena.

Nilimkuta mama yake Nyamumwi anageuza dagaa juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kusema bado?"

"Amepanda. Anakwenda Bunda."

Alinyooka, mikono imejaa magamba. "Kwani tabia yake imeisha?"

"Haijaisha. Atageuka. Huenda akashindwa kwa sababu hiyo, na watu wanaweza wakacheka."

"Na wewe unaona yuko tayari?"

"Sijui, mama. Naogopa. Lakini amepanda, na nitaingia naye yale maji kabla ya mashindano, mimi na yeye tu."

Alikung'uta magamba mikononi. Kisha akapaza sauti kuelekea nyuma ya nyumba. Nyamumwi akatokea na mdogo wake mgongoni, akasikiliza yote bila kubadilika uso, akauliza tunaondoka lini. Nikamwambia Ijumaa asubuhi. Na Ijumaa asubuhi tukaondoka.